Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Maury Wills Alichelewa Kufika Ligi Kuu?

Katika toleo lililopita tuliandika aya chache kuhusu Maury Wills, shotistopu wa klabu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers aliyeiba besi 104 katika msimu wa mwaka 1962 (yaani mara 104 alikimbilia besi, kituo kinachofuata uwanjani, bila kusaidiwa na mpigaji), na tukataja kwa kupita tu kwamba kabla ya kufika huko alikaa katika ligi ndogo kwa miaka minane na nusu. Sentensi hiyo moja ndiyo iliyoleta barua nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya toleo lile. Nimechagua barua tano, na kwa kuwa zote zinamhusu mtu mmoja, nimezipanga kufuata mwendo wa maisha yake badala ya siku zilipofika.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari na ni mkimbiaji wa mita 100. Nimeshangaa kusoma kwamba mtu mwenye kasi ya ajabu kama Wills aliachwa katika ligi ndogo mpaka akafikisha umri wa miaka 26. Je, makocha hawakuona kwamba anakimbia? Na hiyo nafasi ya shotistopu ni nafasi gani?

JIBU: Marahaba. Nianze na sehemu ndogo ya swali lako. Shotistopu ni mchezaji anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu. Wapigaji wengi hutumia mkono wa kulia, na mpira wao ukipigwa kwa nguvu huelekea zaidi upande huo, kwa hiyo shotistopu ndiye anayekutana na mipira mingi inayokwenda kasi chini chini. Anatakiwa awe na miguu myepesi, mikono isiyotetereka, na bega lenye nguvu ya kurusha mpira hadi besi ya kwanza kabla mpigaji hajaifikia. Kwa sababu kazi hiyo ya ulinzi ni ngumu, klabu za zamani zilikuwa tayari kumvumilia shotistopu asiyepiga vizuri, lakini uvumilivu huo ulikuwa na mpaka wake, na mpaka huo ndio uliomzuia Wills.

Makocha waliona kwamba anakimbia. Kila mtu aliona. Maurice Morning Wills alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1932 jijini Washington, mmoja wa watoto 13 wa familia moja, na alikulia katika mtaa wa nyumba za umma. Siku moja Jerry Priddy, mchezaji wa klabu ya Washington Senators, alikwenda mtaani kwao kuwafundisha watoto besiboli kwa saa chache, akamwona mtoto mmoja anayecheza peku kuwapita wenzake wote, akamtia moyo na kumwambia atafute viatu. Wills alilisimulia tukio hilo hadi uzeeni, kwa sababu hadi siku hiyo hakuwa ameufikiria mchezo huo kama kazi ambayo mtu wa mtaani kwao anaweza kuifanya. Katika shule ya sekondari ya Cardozo alicheza michezo mitatu, akang'ara katika yote, na mwaka 1950 akasaini mkataba na klabu ya Dodgers, ambayo wakati huo ilikuwa bado Brooklyn, New York.

Mwaka 1951 alipelekwa Hornell, mji mdogo katika jimbo la New York, kuchezea timu ya daraja la chini. Inafaa ufahamu mfumo wenyewe, kwa kuwa pasipo huo habari hii haieleweki. Klabu kubwa ya Marekani haimwingizi kijana moja kwa moja katika kikosi cha kwanza; humiliki au huingia ubia na timu kadhaa za madaraja mbalimbali, na mchezaji hupandishwa ngazi moja baada ya nyingine hadi aitwe juu, au hadi aachwe. Wills alipitia Hornell, Pueblo katika jimbo la Colorado, Fort Worth katika jimbo la Texas, Seattle na Spokane katika jimbo la Washington, akipanda, akishushwa, akirudishwa mahali alipokwisha kucheza. Aliondoka nyumbani akiwa kijana wa miaka 18, na alipofika Spokane alikuwa na mke na watoto wa kulisha kwa mshahara wa ligi ndogo.

Sababu za kucheleweshwa kwake zilikuwa kadhaa. Ya kwanza ni kwamba nafasi ya shotistopu wa Dodgers ilikuwa na mwenyewe, Pee Wee Reese, nahodha aliyeishika tangu mwaka 1940 na ambaye hakustaafu hadi mwisho wa msimu wa 1958. Ya pili ni kwamba ligi kuu mbili za Marekani, Ligi ya Taifa na Ligi ya Marekani, zilikuwa na klabu 16 tu kwa jumla, yaani nchi nzima ilikuwa na nafasi 16 za shotistopu wa kuanza, na nyuma ya kila mmoja wao kulikuwa na foleni ya vijana. Ya tatu haiwezi kuachwa: Wills alikuwa mweusi. Jackie Robinson, mchezaji mweusi wa Dodgers, alikuwa ameuvunja ukuta wa ubaguzi wa rangi mwaka 1947, lakini ukuta haukuanguka wote siku ile. Klabu ya Detroit Tigers haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja hadi mwaka 1958, na Boston Red Sox hadi mwaka 1959. Wills alipocheza Fort Worth mwaka 1955, Texas ilikuwa bado chini ya desturi za kutenganisha watu weusi na weupe, na mchezaji mweusi hakulala wala kula pamoja na wenzake wa timu.

Hata hivyo, nikiulizwa ni sababu ipi iliyomfunga zaidi, nitasema ni ya nne, nayo ndiyo inayokuhusu wewe mkimbiaji. Wills hakuwa anafika besi ya kwanza mara za kutosha. Besiboli haina nafasi ya mtu anayekimbia tu. Kasi huanza kuwa na thamani pale mpigaji anapokuwa tayari amesimama juu ya besi, na ili afike pale ni lazima kwanza apige mpira kwa mafanikio au awe na jicho la kuiacha mipira mibovu minne ipite apewe besi ya kwanza bure. Wills alipiga kwa mkono wa kulia, na mbele ya warushaji wanaotumia mkono huohuo alipata shida kubwa, hasa kwa mpira uliopindwa, ule unaoonekana kumjia mpigaji mbavuni kisha ukakata kona na kupita juu ya besi ya nyumbani, ile anaposimama mpigaji. Mwili wake ulirudi nyuma kila ulipokuja, na ripoti zikaandikwa kwamba ni kijana mwenye miguu ya ligi kuu na gongo la ligi ndogo.

SWALI: Ni kweli kwamba alijifunza kupiga kwa mkono wa kushoto akiwa mtu mzima? Mimi ninafundisha vijana, na siku zote nimeamini kwamba jambo la namna hiyo likipita utotoni limepita.

JIBU: Ni kweli, Mwalimu, na habari yenyewe inastahili kusimuliwa bila haraka.

Mwaka 1958 Wills alikuwa Spokane, ana umri wa miaka 25, na kocha mkuu wa timu akawa Bobby Bragan. Huyu Bragan ana historia ambayo siwezi kuiruka. Mwaka 1947, akiwa mchezaji wa Dodgers kutoka Kusini mwa Marekani, alikuwa mmoja wa waliopinga kucheza pamoja na Jackie Robinson, hata akaomba auzwe kwa klabu nyingine. Baada ya kuishi na Robinson katika timu moja alibadilika, akakiri hadharani kwamba alikosea, na maisha yake yaliyobaki ya ukocha yakawa ushahidi wa badiliko hilo. Kwa hiyo mtu aliyekuja kumwokoa Wills alikuwa ni mtu ambaye miaka kumi na moja nyuma asingekubali kukaa naye benchi moja. Kila ninapofika hapa katika maisha ya Wills huwa natulia kidogo.

Siku moja wakati wa mazoezi, Bragan alimwona Wills akichezacheza tu kwa kupiga kwa mkono wa kushoto. Akamuuliza kwa nini asijaribu jambo hilo kwa dhati. Wills alikuwa na sababu zote za kukataa, kwa kuwa mpigaji anayebadili mkono akiwa na miaka 25 anaanza upya mbele ya watazamaji waliolipa, na takwimu zake zinaweza kuporomoka kiasi cha kumfanya aachwe. Bragan alimpa kitu ambacho makocha wengi hawakitoi, nacho ni muda wa kukosea. Alifanya naye mazoezi mapema kabla ya wenzake hawajafika uwanjani, kisha akamtumia katika mechi.

Zipo faida mbili zinazoeleweka hata kwa asiyeujua mchezo. Mpira uliopindwa na mrushaji wa mkono wa kulia, ambao ulikuwa unamkimbia Wills alipopiga kwa kulia, sasa ulikuwa unakuja kuelekea kwake, na jicho linaufuata vizuri zaidi. Ya pili ni umbali: mpigaji wa kushoto husimama upande wa besi ya nyumbani ulio karibu na besi ya kwanza, na akimaliza kuzungusha gongo mwili wake umekwisha kugeukia anakokwenda. Anaokoa hatua moja au zaidi. Kwa mtu wa kawaida hatua hiyo ni kidogo. Kwa mtu mwenye kasi ya Wills ina maana kwamba mpira dhaifu uliogonga ardhi mara mbili, ambao zamani ungemtoa, sasa unamfikisha salama. Alipoongeza ufundi wa kuugusa mpira taratibu ili ufie karibu na mstari, walinzi wa besi ya kwanza na ya tatu walilazimika kusogea mbele, na walipokuwa mbele, mpira uliopigwa kwa nguvu kidogo uliwapita.

Hata baada ya hayo hakuitwa mara moja. Kabla ya msimu wa 1959 klabu ya Detroit ilikubali kumnunua kwa dola 35,000 kwa sharti la kumjaribu kwanza, ikamtazama katika mazoezi ya majira ya kuchipua, ikamrudisha. Alirudi Spokane. Kisha mwanzoni mwa Juni, Don Zimmer, aliyerithi nafasi ya Reese huko Los Angeles, akavunjika kidole cha mguu, na Dodgers wakamwita Wills. Mechi yake ya kwanza ya ligi kuu ilikuwa tarehe 6 Juni 1959. Msimu huo alicheza mechi 83, akapiga kwa mafanikio mara 26 katika kila majaribio 100, na aliiba besi 7 tu. Ndiyo, saba. Alikuwa mtu mwenye kuogopa kupoteza kazi aliyoisubiri miaka minane na nusu, na mchezaji anayeogopa hajitupi kuelekea besi ya pili. Dodgers walishinda ubingwa mwaka huo, naye akiwa shotistopu wao wa kuanza katika fainali.

Mwalimu, ningependa uangalie pia mwaka 1960, maana somo la kujifunza ukubwani halikuishia Spokane. Mwanzoni mwa msimu huo Wills alipiga vibaya sana, na kocha mkuu Walter Alston akawa anamtoa katikati ya mechi ili mpigaji mwingine achukue zamu yake. Ni fedheha kubwa kwa mchezaji. Aliyemshika mkono safari hii alikuwa kocha msaidizi Pete Reiser, ambaye enzi zake aliongoza Ligi ya Taifa kwa kuiba besi mara mbili kabla ya majeraha ya kugonga kuta za uwanja kummaliza. Reiser alimchukua kila siku kabla ya mechi, jua likiwa kali, akamrekebisha upigaji wake, lakini zaidi alimrekebisha moyo. Wills alimaliza msimu akiwa na mafanikio zaidi ya 29 katika kila majaribio 100 na besi 50 za wizi. Katika Ligi ya Taifa, hakuna aliyekuwa amefikisha 50 tangu Max Carey mwaka 1923.

SWALI: Naomba ufafanuzi. Mnasema "kuiba besi" kana kwamba ni sifa. Je, kitendo hicho kimeruhusiwa na sheria, na kama kimeruhusiwa, kwa nini basi kila mwenye mbio asiibe?

JIBU: Kimeruhusiwa kabisa, na neno "kuiba" limebaki tu kwa sababu mkimbiaji anaichukua besi ambayo hakuna mpigaji aliyemsaidia kuipata. Sheria inamruhusu mtu aliye juu ya besi kukimbilia inayofuata wakati wowote mpira ukiwa mchezoni. Hatari ni kwamba akiguswa na mpira kabla hajafika, ametolewa, na timu yake imepoteza si mkimbiaji tu bali pia moja ya nafasi tatu inazopewa kila kipindi.

Umbali kati ya besi mbili ni mita 27.4. Mkimbiaji hujisogeza mbele ya besi ya kwanza mita tatu au nne, na hapo ndipo mashindano yanapoanza kati yake na watu wawili. Mrushaji anahitaji zaidi kidogo ya sekunde moja tangu aanze kusogea hadi mpira umfikie mdakaji aliyechuchumaa nyuma ya besi ya nyumbani. Mdakaji naye anahitaji takriban sekunde mbili kuinuka na kuutupa hadi besi ya pili, umbali wa karibu mita 39. Jumla ni sekunde tatu na kitu. Hakuna binadamu anayeweza kumudu hesabu hiyo kila mara kwa miguu peke yake, na ndiyo maana bingwa wa mita 100 anaweza kushindwa vibaya katika kazi hii. Ushindi unapatikana katika nusu sekunde ya kwanza, kwa kujua kabla ya wengine kwamba safari hii mrushaji hatageuka kumshtukiza pale besi ya kwanza bali amekwisha kuamua kuutupa mpira kwa mpigaji.

Hapa ndipo Wills alipokuwa tofauti na wenzake wenye mbio. Aliwasoma warushaji kama mwanafunzi anavyosoma kitabu cha mtihani. Kila mrushaji ana mazoea: mmoja huinua kisigino kidogo, mwingine hukunja goti, mwingine hugeuza bega au kutazama besi ya kwanza mara mbili na kamwe si mara tatu. Wills aliyaweka mazoea hayo kichwani, klabu kwa klabu. Wakati mwingine alijisogeza mbali na besi kupita kiasi bila nia yoyote ya kuiba, ili tu kumlazimisha mrushaji amrushie mwenzake na hivyo kumwonyesha namna anavyogeuka. Aliporudi besini kwa kujitupa kifudifudi, watazamaji walidhani ameponea chupuchupu, kumbe alikuwa amepata alichokitafuta.

Takwimu zinaonyesha thamani ya elimu hiyo. Mwaka 1915 Ty Cobb wa Detroit aliiba besi 96, rekodi ambayo Wills alikuja kuivunja, na akakamatwa mara 38, kwa hiyo alifanikiwa mara 72 hivi katika kila majaribio 100. Mwaka 1962 Wills aliiba 104 na akakamatwa mara 13 tu, sawa na mafanikio 89 katika kila majaribio 100. Wachambuzi wa mchezo huu hukubaliana kwamba mkimbiaji anayekamatwa zaidi ya mara moja katika kila majaribio manne huwa anaidhuru timu yake, hata kama mashabiki wanamshangilia. Kwa kipimo hicho Wills alikuwa wa manufaa makubwa mno.

Ni haki pia kumtaja aliyesimama nyuma yake. Jim Gilliam ndiye aliyepiga baada ya Wills, naye aliiacha mipira mizuri ipite, akikubali kuhesabiwa makosa, ili Wills apate nafasi ya kukimbia. Baada yao alikuja Tommy Davis, ambaye mwaka 1962 upigaji wake uliwafikisha wakimbiaji 153 kwenye besi ya nyumbani, yaani kufunga. Mara nyingi mkimbiaji huyo alikuwa Wills, aliyekuwa amefika besi ya pili bila gharama. Sifa ya Davis imeandikwa katika takwimu. Ya Gilliam haikuandikwa popote, na huwa naiona kuwa moja ya kazi za kiungwana zaidi katika mchezo wa timu.

Unauliza kwa nini kila mwenye mbio asiibe. Sababu nyingine ni maumivu. Kila wizi unamalizika kwa kuteleza juu ya udongo mgumu, mara nyingi huku kiatu chenye meno cha mlinzi kikiwa karibu na mguu. Kufikia mwisho wa msimu wa 1962 miguu ya Wills ilikuwa imejaa michubuko na damu iliyovilia chini ya ngozi, na aliifunga bandeji kila siku kabla ya mechi. Alicheza mechi 165 mwaka huo.

SWALI: Nimesikia wazee wakisema kwamba Luis Aparicio ndiye shotistopu aliyerudisha wizi wa besi, si Wills. Nani mkweli?

JIBU: Wazee wako wana hoja. Aparicio, kijana wa Maracaibo, Venezuela, aliingia ligi kuu na Chicago White Sox mwaka 1956, akachaguliwa mchezaji mpya bora wa Ligi ya Marekani, na akaiongoza ligi hiyo kwa kuiba besi misimu tisa mfululizo. Mwaka 1959 aliiba 56 wakati Wills ana 7. Katika Ligi ya Taifa, Willie Mays naye aliongoza misimu minne mfululizo, kuanzia 1956 hadi 1959. Kabla yao hali ilikuwa duni sana: mwaka 1950 Dom DiMaggio aliiongoza Ligi ya Marekani kwa besi 15 tu, kwa sababu makocha wa siku hizo waliona hakuna haja ya kuhatarisha mkimbiaji wakati mpigaji mmoja anaweza kuutoa mpira nje ya uwanja. Aparicio alifungua mlango. Wills ndiye aliyeonyesha kwamba jambo hilo linaweza kuwa nguzo ya mashambulizi ya timu nzima. Mwaka 1962 besi zake 104 zilizidi za klabu yoyote nyingine ya ligi kuu, klabu nzima, wachezaji wote wakijumlishwa. Washington Senators, waliokuwa wa karibu zaidi, walikuwa na 99.

SWALI: Mhariri, naomba mtatue ubishi. Rafiki yangu anadai kwamba rekodi ya Wills ya mwaka 1962 ilikuwa na dosari kwa sababu alicheza mechi nyingi kuliko Cobb. Pia anasema San Francisco walimwagia uwanja maji ili asikimbie. Nimemwambia hilo la pili ni hadithi tu.

JIBU: Samahani, ndugu, hilo la pili ni kweli, lakini katika la kwanza rafiki yako amekosea kwa sehemu.

Mwaka 1962 Ligi ya Taifa iliongeza mechi kutoka 154 hadi 162. Kamishna wa besiboli, Ford Frick, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa uamuzi wa namna hiyo dhidi ya Roger Maris, mpigaji aliyekuwa akiifukuzia rekodi nyingine, alitangaza kwamba ili Wills ahesabiwe amevunja rekodi ya Cobb ni lazima aivunje ndani ya mechi 154. Mechi hizo zilipomalizika Wills alikuwa bado hajafikisha 96. Lakini Cobb mwenyewe, mwaka 1915, alikuwa amecheza mechi 156, kwa kuwa Detroit walitoka sare mara mbili na mechi hizo zikarudiwa. Tarehe 23 Septemba, huko St. Louis, Dodgers walicheza mechi yao ya 156, na katika mechi hiyo Wills aliiba ya 96 na ya 97. Kwa hesabu ya mechi sawa kwa sawa, alimpita Cobb. Hizo saba zilizobaki ndizo alizoziongeza baada ya hapo, na rafiki yako akipenda anaweza kuzitoa. Rekodi itabaki pale pale.

Kuhusu maji: Agosti 1962 Dodgers walikwenda San Francisco kucheza mechi tatu na Giants, wapinzani wao wakubwa waliokuwa wakiwafukuza katika msimamo wa ligi. Kocha wa Giants, Alvin Dark, ambaye naye aliwahi kuwa shotistopu, alikubaliana na mtunza uwanja Matty Schwab kwamba eneo la kuondokea kutoka besi ya kwanza lilegezwe kwa mchanga na kumwagiwa maji mengi. Dodgers walilalamika, waamuzi wakaamuru eneo lile lirekebishwe, na kwa maelezo ya waliokuwapo marekebisho yenyewe hayakusaidia kitu. Giants walishinda mechi zote tatu. Ukizingatia kwamba mwisho wa msimu timu hizo mbili zililingana kabisa, kila moja ikiwa imeshinda mechi 101 na kupoteza 61, utaona kwamba udongo ule uliolowa haukuwa mzaha. Ilibidi zichezwe mechi tatu za nyongeza kumpata bingwa wa Ligi ya Taifa, Giants wakashinda mbili, na ndiyo maana Wills alifikisha mechi 165.

Waandishi wa michezo walipopiga kura ya Mchezaji Bora wa Ligi ya Taifa, mshindani wake alikuwa Willie Mays wa timu hiyo hiyo ya Giants, aliyepiga mipira 49 nje ya uwanja mwaka huo. Wills alikuwa amepiga sita. Mays alipata pointi 202, na Wills 209.